Fuliza Yako Imeshuka Ghafla? Watu wa Shamba, Cheki Vile Simu Inawasoma

Tuseme umeamka, umecheki simu, na Fuliza iliyokuwa 8,000 jana jioni sai inasoma 500. Ama 0 kavu. Hakuna mtu amekupigia, hakuna sababu imeandikwa mahali. Najua kitu ya kwanza utafanya: utaingia mtandaoni utukane, uongeze emoji tatu za kulia, halafu uulize mabeshte kwa WhatsApp kama ni wewe pekee. Utapata si wewe pekee.

Huko majuu wasee huandikiwa makala kila wiki kuhusu kadi za mkopo na tabia za kufuata ndio benki isikupunguzie kikomo. Hapa Subukia, kadi ya mkopo wengi wetu tunaiona kwa muvi. Kadi yetu ni simu. Ni Fuliza, ni M-Shwari, ni KCB M-Pesa, ni Hustler Fund. Lakini maneno ni yale yale: kuna mtu mahali amekupimia doh unayoweza kukopa, na anaweza kuipunguza bila kukuuliza. Wacha tuibonge hiyo stori kwa hesabu ya huku kwetu, juu msimu wa huku ndio unatuumiza.

Anza na hii. Limiti si cheti cha tabia njema. Unaweza kuwa mtu mwaminifu kuliko wote Subukia, mzee wa kanisa, hujawahi kula deni ya duka, na bado limiti yako iwe soo mbili. Jirani yako mwenye anadaiwa na nusu ya mtaa anaweza kuwa na thao kumi na tano. Mashine haiwajui nyinyi wawili. Inajua tu pesa iliyopita kwa laini zenu, ilipita mara ngapi, na deni lililipwa lini. Kama pesa yako haipiti hapo, kwa macho ya mashine wewe ni msee hana kazi.

Na nani ndio huyo anayekupima? Watu wengi hutukana Safaricom pekee, lakini Fuliza ilipozinduliwa Januari 2019, Safaricom walikuja na benki mbili: KCB, na CBA ambayo mwaka huo huo iliungana na NIC ikawa NCBA. M-Shwari ya Novemba 2012 pia ni ya mkono wa CBA. Kwa hivyo doh ni ya benki, na benki ikiona mambo yanakuwa moto inafunga mfuko. Formula yenyewe ni siri ya biashara. Lakini kile wameisema wazi kwa miaka yote ni vitu viwili: vile unatumia M-Pesa, na vile unalipa. Limiti inaangaliwa upya kila baada ya muda, na inaweza kupanda ama kushuka.

Sasa leta hiyo kitu Subukia.

Ukitoka Nakuru na barabara ya Nyahururu ukashuka kwa hili bonde, unaona mahindi, nyanya, kabeji, parachichi, ng'ombe wa maziwa. Unaona utajiri. Lakini huo utajiri unakuja na mwendo wake. Mvua ya masika inaanza Machi, unapanda. Mahindi unavuna kuelekea mwisho wa mwaka. Nyanya zinakaa miezi kadhaa kabla broka hajaingiza lori. Na broka akija anakuja na noti. Anahesabu hapo hapo kwa shamba, wewe unatoa za vibarua, unatoa za deni ya dawa, inayobaki inaingia mfukoni. Simu haijaona kitu. Ulishika thao arobaini kwa siku moja na kwa rekodi yako ya M-Pesa siku hiyo ulinunua tu kredo ya bob 20.

Halafu inakuja Njaanuari. Karo inatakikana, mfuko umekauka, mbegu ziko karibu kununuliwa. Mbolea ya serikali imekuwa 2,500 kwa gunia tangu 2023, kwa hivyo magunia mawili ni 5,000 hata hujanunua mbegu wala hujalipa trakta. Ni hapo sasa kila mtu anakumbuka Fuliza. Anakopa yote, anafika juu kabisa kwa limiti, na hakuna pesa inaingia ya kulipa mpaka uvune kitu. Siku zinaenda, ada inaendelea kuongezeka, mashine inaona laini yenye deni limejaa na hakuna kitu inaingia. Inafanya kile mashine hufanya. Inakata.

Cheki hapo: limiti inashuka wakati ule ule unaihitaji zaidi. Mwajiriwa wa Nakuru mjini anapata mshahara kila mwisho wa mwezi, na hata kama ni kidogo, simu yake inapiga kama moyo: pap, pap, pap. Yako wewe inalala miezi minne halafu inaruka. Hata mama anayeuza chapo na soda Oktoba, wakati Wakatoliki wanajaa kuhiji pale Village of Mary, anaweza kuona pesa nyingi kwa siku mbili kisha kimya. Simu inaona mlima halafu bonde. Na hizi mikopo zilichorwa kwa mtu wa siku 30. Mahindi hayajui siku 30 ni nini.

Kwa hivyo tabia za kulinda limiti kwa mtu wa shamba haziwezi kuwa zile za mtu wa ofisi. Hizi ndizo naona zina maana.

Kwanza, pitisha noti za broka kwa simu. Sisemi zote. Lakini kuweka pesa kwa ajenti ni bure, ada inakuja tu ukitoa ama ukituma. Ukiuza, weka sehemu kwa laini yako siku hiyo hiyo, na zile bili ungelipa na noti, kama duka ya dawa za mimea, lipa kwa till. Ama mwambie broka atume nusu. Wengine watakataa juu ya ada ya kutuma, na hapo ni nyinyi na yeye. Maziwa ndio rahisi zaidi: kama yule unampelekea anakubali kulipa kwa simu, maziwa inaingia mara kwa mara, na hiyo mara kwa mara ndio mapigo yanayokosekana kwa mahindi.

Kuna wale wajanja wanasema, "Nikiweka pesa Fuliza itaimeza." Ndio, itaimeza, hiyo ndio kazi yake. Pesa yoyote inayoingia M-Pesa ukiwa na deni inakatwa kwanza. Ndio maana wasee wamejifunza kuhepa: wanapokea kwa Pochi la Biashara, wanapokea kwa laini ya bibi, wanahamia Airtel kwa muda. Naelewa. Mtu akikutumia 500 ya unga na deni ni 700, hiyo 500 inaenda na watoto hawajakula. Sina maneno ya kumhukumu mtu hapo. Lakini ujue bei yake. Kila wiki unahepa, ada inahesabiwa, na laini yako inaonekana imekufa. Siku 30 zikiisha bila kumaliza, hukopi tena mpaka ulipe. Kama lazima uhepe, hepa na ile ya unga, lakini rudisha kitu kidogo kila wiki.

Tufanye hesabu kidogo. Mimi niliacha kampasi kabla ya kumaliza, na hii hesabu haitaki digrii.

Umefuliza 2,000. Kuna asilimia 1 ya kuingilia, hiyo ni bob 20. Halafu kuna ada ya kila siku, na kwa deni la kiasi hicho haipungui bob 20 kwa siku tangu bei zishushwe Oktoba 2022. Ukikaa nayo mwezi mzima, ni si chini ya 620 juu ya ile 2,000. Soo sita! M-Shwari kwa 2,000 hiyo hiyo inakukata asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30, yaani 150 na ushuru juu yake. Hustler Fund ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hivyo 2,000 kwa siku 14 ni riba ya kama bob 6, ingawa utapokea 1,900 juu asilimia 5 inaenda kwa akiba yako.

Unaona vile zinatofautiana? Fuliza ilitengenezwa kwa kitu ya siku moja mbili. Umefika kwa duka, umepungukiwa na soo, unamalizia, kesho unalipa. Hapo iko sawa kabisa. Ukikopa thao moja kushuka chini, siku tatu za kwanza hakuna ada ya kila siku. Lakini kununua mbolea na Fuliza ni kama kukodisha bodaboda ikupeleke Mombasa. Utafika labda, lakini utafika bila suruali. Na ukishindwa kulipa ndio limiti inaenda. Kwa hivyo tabia ya pili ni kujua ni mkopo gani wa kazi gani. Kama unaona deni la Fuliza ya 2,000 litapita wiki moja na nusu, tayari M-Shwari ilikuwa nafuu. Kuhamisha deni hivyo mara moja si dhambi. Kuzungusha kila mwezi, Fuliza inalipa M-Shwari, M-Shwari inalipa programu nyingine, hiyo sasa ni noma, na siku moja zote zinakatwa pamoja.

M-Shwari yenyewe wako wazi kuhusu kile wanapenda: weka akiba pale ndani, tumia laini yako, lipa kabla ya siku 30. Zikifika 30 hujalipa, unaongezwa siku 30 zingine na asilimia 7.5 nyingine. Soma hiyo tena. Watu wengi hudhani ni muda wa bure.

Na ile Hustler Fund, najua mlivyoicheka. Ilipozinduliwa 30 Novemba 2022, wasee wengi walipewa 500 na wakaona ni matusi. Wakaila wakanyamaza. Lakini ukiangalia bei, hakuna mkopo wa simu nimetaja hapa unaikaribia. Msee aliyelipa ile 500 kwa siku 14, akachukua tena, akalipa tena, ndio amejijengea limiti. Aliyeinyamazia amefungiwa mlango wa mkopo wa bei rahisi kuliko yote juu ya soo tano. Kama ni wewe, hiyo ndio deni ya kwanza ningelipa wiki hii, hata kabla ya Fuliza. Siasa weka kando. Unaweza kuwa hukumpigia Ruto kura na bado ulipe bob 6 badala ya 620.

Tatu, usilipe kwa hasira siku ya mwisho. Lipa kwa vipande mapema. Fuliza inapunguza deni kila ukiweka kitu, na ukishuka kwa kiwango cha chini ada ya siku pia inashuka. Ukiwa na deni la 2,600 halafu ukaweka 200, tayari umetoka kwa kiwango cha juu kabisa cha ada. Hiyo ni bei ya sukari kilo moja inakuokolea pesa kila siku.

Nne, na hii naiona sana huku kwetu: laini si ya mwenyewe. Mathe ako na simu, lakini laini iliandikishwa kwa ID ya kijana wake kitambo, wakati yeye hakuwa na ID karibu. Kijana yuko Nairobi, amekopa kila mahali na amekwama. Deni linafuata ID, halifuati uso. Kama ID ya kijana imeandikwa vibaya kule CRB, mathe asishangae laini yake inasoma 0 ilhali hajawahi kukopa hata kredo. Ama upande mwingine: kuna msee anatumia laini ya ID yako na hujui. Piga *106# uone namba zote zilizoandikishwa kwa jina lako. Ukipata namba huijui, nenda duka ya Safaricom na kitambulisho uitoe.

Tukifika CRB, wacha nipite haraka, juu watu huogopa hilo jina kuliko vile wanalielewa. Kenya iko na tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Tangu kanuni za 2020, deni la chini ya 1,000 halipaswi kukuweka kwa orodha mbaya. Kabla uandikwe lazima upewe ilani ya siku 30. Na kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako moja bure. Bure! Lakini ukishaandikwa, hata ukilipa, historia inabaki miaka mitano. Benki Kuu ilipoleta mpango wa Novemba 2022 wa kusamehe nusu ya mikopo midogo ya simu kwa benki, watu zaidi ya milioni 4 walilengwa, na wengi walidhani wakitoka CRB limiti inarudi kesho yake. Hakuna sheria inasema hivyo. Kutoka orodha mbaya ni kitu moja, benki kukuamini tena na doh yake ni kitu ingine, na hiyo unaijenga polepole kutoka chini.

Na usidhani ni sisi pekee tunateswa. Marekani, mwaka wa 2008 uchumi ulipoanguka, na tena 2020 Korona ilipoingia, benki zilipunguza vikomo vya kadi za watu wengi, hata wale walikuwa wanalipa vizuri. Alama za FICO zinazotumika huko zinapima historia ya kulipa kwa asilimia 35 na kiasi unachodaiwa kwa asilimia 30. Ndio maana wanaambiana usitumie zaidi ya theluthi moja ya kikomo chako. Mimi ningeichukua hiyo tabia hata huku. Kama limiti yako ni 6,000, jifunze kuishi kama ni 2,000. Msee anayegusa dari kila mwezi anaonekana amezama, hata kama analipa.

Lakini nitakuwa mkweli na wewe: kuna wakati utafanya hizi zote na bado limiti ishuke Februari, juu shamba ni shamba. Hapo ndio Sacco na chama zinashinda mashine. Sacco nyingi hukupa mkopo hadi mara tatu ya akiba yako, na hiyo akiba haishuki kwa sababu hukupiga simu nyingi mwezi huu. Kamati inajua mvua ilichelewa. Inajua bei ya nyanya ilianguka, juu hata wao walipanda. Ukiweka 1,000 kila mwezi kutoka kwa maziwa, mwaka ukiisha uko na 12,000, na mlango wa 36,000 uko wazi kabla ya kupanda, mradi upate wadhamini. Doh ya mbegu itoke huko. Fuliza ibaki ya kumalizia nauli na unga.

Kitu ya mwisho, na hii karibu hakuna mtu huitumia. Kenya iko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kifungu cha 35 kinaongea juu ya maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, yale yanayokugusa kwa njia kubwa. Kinasema unapaswa kujulishwa kwamba ni mashine imeamua, na una haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa njia isiyo ya mashine pekee. Hiyo haimaanishi watakurudishia 8,000 yako. Inamaanisha kuna binadamu anapaswa kuangalia na kukujibu. Wakinyamaza, kuna Ofisi ya Kamishna wa Data, na kulalamika huko hakuhitaji wakili.

Kwa hivyo badala ya emoji za kulia, andikia huduma kwa wateja maneno machache: limiti yangu ilishuka tarehe fulani kutoka kiasi hiki hadi hiki, naomba kujua kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, na ulitumia habari gani zangu, naomba uangaliwe upya chini ya kifungu cha 35. Ambatanisha taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka mzima, ile inaonyesha Novemba uliuza na Februari ulipanda, juu taarifa ya mwezi mmoja itakuonyesha tu umesota. Picha ya skrini ya limiti ya zamani ichukue leo, kabla hawajakata.